Kaunta ya jiko kwenye nyumba unayoikarabati ili uiuze: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninakarabati nyumba Dar es Salaam na kuziuza. Maswali haya huwa nayapokea kutoka kwa watu walioko katikati ya kazi: makabati ya zamani yameshang'olewa, jiko limejaa vumbi, na fundi amesimama mlangoni anasubiri jibu. Nimejibu nikiwa na nyumba ya kuuza kichwani. Nyumba ya kuishi mwenyewe ni habari nyingine, huko weka kile roho yako inachopenda.

Kaunta nzuri itapandisha bei ya nyumba yangu?

Kidogo, na mara nyingi si kwa kiasi unachokifikiria. Bei ya nyumba inabebwa na kiwanja, hati, barabara na maji. Kaunta inafanya kazi nyingine: inamwondolea mnunuzi hofu. Mtu akiingia jikoni akakuta kaunta imepasuka, anaanza kupiga hesabu ya matengenezo kimoyomoyo, na hesabu hiyo huwa kubwa kuliko gharama yenyewe. Hapo ndipo anapokuomba upunguze bei, na anakuomba kwa kujiamini. Kaunta nzima na safi inamnyima sababu hiyo, basi.

Nichague kwa kuangalia nini kwanza?

Nyumba za jirani. Kabla hujaenda yadi ya mawe, mwombe dalali akupitishe kwenye nyumba tatu au nne zinazouzwa mtaa huohuo kwa bei unayoilenga. Ingia majikoni. Kama zote zina vigae juu ya zege, basi vigae vikubwa vilivyopangwa vizuri vitakuweka mbele yao, na graniti itakuweka mbele zaidi lakini fedha yako huenda isirudi yote. Kama zote zina graniti, huwezi kupeleka fomeka, ile karatasi ngumu ya plastiki inayobandikwa juu ya ubao. Lengo ni kuwa jiko zuri la mtaa ule. Anayenunua Tabata au Kimara hatakulipa bei ya Masaki, mtaa wa matajiri, kwa sababu ya jiwe.

Graniti au kwatzi?

Kwa nyumba nyingi za hapa, mimi nachagua graniti, na sababu zangu ni namna tunavyopika.

Graniti ni jiwe lililochimbwa na kukatwa jinsi lilivyo. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10, iko karibu na 6 au 7, kwa hiyo kisu cha kawaida hakiichori kirahisi. Sufuria ya wali ikitoka motoni ukaitua juu yake kwa dakika moja, haidhuriki. Usiweke jiko la mkaa juu yake, kwa sababu moto mkali unaokaa sehemu moja unaweza kupasua jiwe lolote. Udhaifu wake ni vinyweleo. Mafuta ya kula na manjano vikilala usiku kucha vinaingia ndani, hasa kwenye graniti ya rangi nyepesi. Kwa hiyo inapakwa dawa ya kuziba vinyweleo inapofungwa, kisha inarudiwa kila inapoonekana maji yameanza kunyonywa.

Kwatzi ya kaunta hutengenezwa kiwandani: chembe za kwatzi zilizosagwa, mara nyingi asilimia 90 au zaidi ya uzito, zinashikanishwa na gundi ya plastiki. Hainyonyi, haihitaji dawa, na rangi yake ni ileile kutoka slabu moja (kipande kikubwa bapa cha jiwe) hadi nyingine. Tatizo ni ile gundi. Sufuria yenye moto mkali inaacha duara la njano lisilotoka, na jua la moja kwa moja linaifubaza polepole. Jiko lenye dirisha kubwa la magharibi, au nyumba yenye kaunta ya nje kwenye baraza, usiweke kwatzi.

Kwenye nyumba ya bei ya juu ambayo mnunuzi anataka jiko jeupe, kwatzi inapendeza kuliko chochote. Hapo iweke, na umkabidhi mnunuzi vile vibao vya kutulia sufuria.

Na marumaru?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wengi wetu tukisema marumaru tunamaanisha vigae vya sakafuni. Hapa nazungumzia marumaru halisi, lile jiwe lenye mishipa. Ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini, na chokaa haipatani na asidi. Limao, siki, ukwaju, embe bichi, nyanya: kila tone linakula mng'ao na kuacha alama isiyofutika kwa sabuni, kwa sababu si uchafu, ni jiwe lenyewe limelika. Katika jiko ambalo limao halikauki, marumaru itakuwa na madoa kabla hujapata mnunuzi. Iache iende bafuni au ukutani.

Nitajuaje kama ninachouziwa ni graniti kweli?

Omba kipande cha mabaki ya slabu ileile, uende nacho nyumbani. Kamulia limao, acha dakika kumi na tano, futa, kisha kielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Kama mng'ao umepotea pale palipokuwa na limao, si graniti. Kisha weka tone la maji na uangalie linachukua muda gani kuweusha jiwe. Likinyonywa ndani ya dakika chache, jiwe lina vinyweleo vingi na litahitaji dawa mara kwa mara.

Kwa graniti nyeusi ongeza jaribio la tatu. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe asetoni au dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni, usugue. Kitambaa kikitoka na weusi, jiwe lilikuwa la kijivu likapakwa rangi. Rangi hiyo itaanza kupauka pale mikono na sabuni vinapopita kila siku, yaani mbele ya sinki, mahali ambapo mnunuzi anasimama.

Usishangae kusikia kwamba mawe mengi meusi yanayouzwa kwa jina la graniti, kama yale ya Mutoko, Zimbabwe, si graniti kwa lugha ya wanajiolojia. Ni miamba ya aina nyingine, iliyotokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi. Kwa kaunta ni mawe mazuri sana, mazito na yasiyonyonya sana.

Kaunta yangu ni ya zege yenye vigae vidogo. Niivunje?

Usikimbilie kuvunja. Hili ndilo jiko la nyumba nyingi zilizojengwa kidogokidogo: zege la nondo limemwagwa juu ya kuta za tofali, juu yake vigae vyeupe, na grauti (ile saruji ya kujazia viungo vya vigae) iliyogeuka kahawia. Zege lenyewe mara nyingi ni zima na litadumu kuliko kabati lolote la dukani.

Gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti ya utupu, hakuna kilichoshika chini. Angalia pia chini ya zege kwa tochi: ukiona nondo zimetoa kutu na zege limeanza kubanduka, jambo linalotokea sana kwenye nyumba za karibu na bahari, hapo vunja. Kama ni zima, bandua vigae, sawazisha uso, kisha una njia mbili. Ya kwanza ni slabu ya graniti ya sentimita 2 juu ya zege. Ya pili, ambayo kwa nyumba ya bei ya kati naiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote, ni vigae vikubwa vya poselini, sentimita 60 kwa 60 au zaidi, vyenye viungo vyembamba na grauti ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji. Grauti ya kawaida hunywa mchuzi. Ya epoksi hainywi, ndiyo maana inauzwa ghali na inamsumbua fundi asiyeizoea, kwa sababu inakauka upesi. Muulize fundi ameshaipaka wapi, na uende ukaione.

Angalia kimo. Kaunta ya kusimama vizuri iko sentimita 85 hadi 95 kutoka sakafuni. Kama sakafu imeshaongezewa vigae na kaunta nayo unaiongezea, pima soketi za ukutani na kizingiti cha dirisha kabla slabu haijafika.

Nina teraso ya zamani. Ni aibu?

Hapana! Hiyo ni hazina. Teraso ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, vimesagwa hadi vikang'aa, na nyumba nyingi za zamani za mjini zinayo sakafuni na jikoni. Inafifia tu kwa sababu ya sabuni kali na miaka. Fundi wa kusugua teraso akija na mashine na diski za almasi, akaanza na chembe kubwa akashuka hadi ndogo, jiwe linarudi kama jana. Kumbuka ndani yake mna marumaru na saruji, kwa hiyo limao ni adui yake vilevile.

Mbao na fomeka je?

Mninga na mvule ni mbao nzuri, lakini mbao kando ya sinki zinataka mafuta kila baada ya miezi michache, na nyumba ya kuuza inaweza kukaa miezi bila mtu wa kuipaka. Weka mbao kwenye meza ya kulia chakula, usiziweke penye maji. Fomeka naiweka kwenye nyumba ya kupangisha tu. Maji yakipenya kwenye ukingo wake, ubao wa chini unavimba kama mkate na hakuna dawa.

Rangi gani inauza?

Za kati: kijivu, krimu, kahawia yenye madoadoa. Mnunuzi asiikumbuke rangi ya kaunta yako, akumbuke jiko lilikuwa na mwanga.

Nyeusi inayong'aa inapendwa sana kwenye picha, ila uliza kwanza maji ya nyumba yanatoka wapi. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanategemea visima, na maji mengi ya visima ni ya chumvi. Kila tone likikauka juu ya jiwe jeusi linaacha duara jeupe. Unafuta, unageuka, duara limerudi. Kama nyumba ina maji ya kisima, chagua jiwe lenye madoadoa ya kijivu, madoadoa yanaficha chumvi.

Nipime vipi ili nisiuziwe zaidi au pungufu?

Chukua jiko la umbo la L, upande mmoja mita 3, mwingine mita 2.4, kina sentimita 60. Upande wa kwanza ni mita za mraba 1.8. Upande wa pili toa ile kona iliyokwisha kuhesabiwa, unabaki na mita 1.8 kwa 0.6, yaani 1.08. Jumla 2.88. Ukitaka ukanda wa jiwe wa kusimama ukutani wenye kimo cha sentimita 10, ongeza mita 5.4 kwa 0.1, yaani 0.54. Sasa uko kwenye 3.42, na bado kuna mabaki ya kukatia.

Uliza bei ni ya mita ya mraba au ya mita ya urefu, na kama imejumuisha kukata tundu la sinki, kusugua ukingo, usafiri na kufunga. Uliza pia kama VAT imo. Watu wengi waliolalamika kwangu kwamba "yadi imegeuka" hawakugeukwa na mtu, hawakuuliza.

Slabu nyingi nyembamba zinazoletwa zina upana wa sentimita 60 kamili. Kabati la sentimita 60 chini ya slabu ya sentimita 60 halina mdomo, na mdomo ni lazima. Jiwe litokeze sentimita 2 hadi 3 mbele ya milango ya kabati. Chini ya huo mdomo mwambie fundi apitishe mfereji mdogo kwa grinda, usiozidi upana wa kalamu. Maji yanayomwagika yanafika kwenye mfereji yanadondoka chini, badala ya kurudi nyuma na kuingia kwenye mbao. Ni kazi ya dakika chache, inafanywa yadini, na ni wachache wanaokumbuka kuiomba.

Ni kitu gani kinachoharibika zaidi?

Eneo la sinki. Hili nililijifunza kwa hasara.

Nyumba yangu ya kwanza niliweka graniti nyeusi ya bei ghali juu ya makabati yaliyokuwepo, ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa). Fundi alikata tundu la sinki kwa grinda, kona nne kali kama za kitabu, na chini ya kipande chembamba cha mbele hakukuwa na ubao wa kushikilia. Wiki ya tatu ufa mwembamba kama unywele ukatoka kwenye kona, ukafika ukingoni. Tuliujaza gundi yenye rangi, kwa mbali huoni kitu.

Akaja mnunuzi, kijana, ameongozana na shangazi yake. Kijana alikuwa anapiga picha sebuleni. Shangazi alikwenda moja kwa moja jikoni, akapitisha kiganja juu ya jiwe taratibu, kikafika kwenye ule ufa, kikasimama. Akachuchumaa, akafungua kabati chini ya sinki, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Alipoinuka hakuniangalia mimi.

"Baba, hapa maji yanapita," alimwambia mpwa wake.

Alikuwa sahihi. MDF ilikuwa imeanza kuvimba nyuma ya bomba na mimi sikuwa nimefungua kabati lile kwa siku kumi. Nyumba ile niliiuza baadaye kwa mtu mwingine, kwa bei ndogo, baada ya kubadilisha slabu na makabati ya chini.

Tangu hapo kona za tundu zinatobolewa kwanza kwa biti ya duara, ndipo fundi anaunganisha matundu kwa mkato. Kona ya mviringo inagawa mzigo, kona kali inaukusanya sehemu moja na jiwe linafunguka hapo. Chini ya sinki panawekwa fremu ya mbao ngumu au chuma, na kabati la sinki linatengenezwa kwa marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji), si MDF. Kiungo kati ya jiwe na ukuta kinajazwa silikoni, si saruji nyeupe, maana saruji haifuati jengo linapotikisika na inaacha ufa.

Makabati au kaunta, kipi kianze?

Makabati, daima. Fundi bomba na fundi umeme wamalize, seremala afunge makabati na kuyapima kwa pimamaji, ndipo mtu wa mawe aje kuchukua vipimo. Usimpe vipimo vya kwenye ramani. Kuta zetu si nyoofu, na sentimita moja ya kosa kwenye ukuta wa mita 3 inaonekana na kila mtu. Fundi mzuri anakata kielelezo cha plaiwudi nyembamba, anakilaza juu ya makabati, anarudi nacho yadini.

Jiwe la sentimita 2 lina uzito wa karibu kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo lile jiko letu la mita za mraba 2.88 ni zaidi ya kilo 150 zinazokaa juu ya mbao. Makabati yaliyolegea hayawezi. Siku ya kubeba, slabu isimame wima kama kioo. Ikilazwa bapa mikononi mwa watu inavunjika kwa uzito wake yenyewe.

Fundi anataka kukatia jiwe ndani ya nyumba. Nimruhusu?

Usimruhusu. Vumbi la mawe haya lina silika, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Inaleta ugonjwa wa silikosisi ambao hauna tiba. Kwatzi ya kiwandani ndiyo yenye silika nyingi zaidi, na Australia iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana waliougua wakiikata. Mkato wote ufanyike yadini kwa maji. Marekebisho madogo yafanyike nje, maji yakimiminwa kwenye diski, na fundi avae barakoa ya vumbi inayobana uso. Mnunulie wewe. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu, na yule kijana ana familia.

Mtungi wa gesi niufikirie sasa?

Ndiyo, kabla jiwe halijakatwa. Mtungi wa kilo 15 ukikaa ndani ya kabati, kabati liwe na matundu ya hewa chini, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni. Ukiweza, uwe nje ya ukuta, mpira upite kwenye bomba. Tundu la mpira linatobolewa yadini pamoja na la sinki.

Risiti nizitunze?

Zote, za yadi na za mafundi wenye risiti. Fedha uliyotumia kuboresha nyumba inaingia kwenye hesabu ya faida siku unapouza, bila risiti huna cha kuonyesha. Walioko Kenya wana sababu zaidi: kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 tangu Januari 2023.

Siku ya kuonyesha nyumba niweke nini juu ya kaunta?

Karibu hakuna kitu. Ondoa birika, kapu la vitunguu, chupa za mafuta. Futa jiwe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kisha likaushe kwa kitambaa kikavu, maana likikauka lenyewe linaacha chumvi. Washa taa. Fungua kabati la chini ya sinki saa moja kabla ya wageni, lipate hewa, na liache wazi. Mnunuzi wa ughaibuni anayeangalia kwa simu mwombe dada yake au mama yake aliyekuja kwa niaba yake aingize kamera humo ndani.